Jumapili ya Meza kule Naretisho

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi kuwa maafisa wa maendeleo ya jamii hapa Kajiado, karibuni. Nimewaona mkipita Kitengela na pikipiki mpya na makoti ya rangi ya kuwaka, na moyo wangu umefurahi kweli. Kazi hiyo nimeifanya mpaka magoti yakagoma. Sasa niko nyumbani, nafuga kuku na kubishana na jirani juu ya mbwa wake, lakini mkubwa wenu ameniomba niwaandikie mambo machache ambayo hamkufundishwa. Nilikubali hata kabla hajamaliza kuomba. Mstaafu akiambiwa aongee hana maringo.

Nataka kuwaambia juu ya dini. Msikunje uso. Sitawahubiria, na habari ya nani ataingia mbinguni haijawahi kuwa chini ya idara yetu. Nazungumza juu ya dini kama kitu nilichokiona kwa macho yangu kikiwashikilia watu, siku ambazo sheria na chifu na mimi mwenyewe tulikuwa tumeshindwa. Chuoni nilisoma sosholojia, na mwalimu wetu alipenda kusema kwamba dini ni gundi ya jamii. Nikaandika hivyo, nikapita mtihani. Lakini gundi hupakwa mara moja ikakauka, na watu wakaenda zao. Huku nilikuta watu wanaobeba mabenchi, wanaopanga zamu ya kupika chai, wanaofuatana kwenda kumwona mgonjwa. Wakichoka kufanya hayo, hakuna gundi yoyote inayobaki.

Aliyenifungua macho ni mzee Parmuat, mkubwa wangu wa kwanza pale ofisini Kajiado. Alikuwa mtoto wa wafugaji, mrefu, na alikuwa na ile tabia ya kunyamaza mpaka unaanza kujishuku. Siku zangu za mwanzo nilimwomba gari niende kuchunguza kijiji fulani.

"Gari hakuna," akaniambia. "Na hata ingekuwa, usiende siku ya kazi. Enda Jumapili, keti nyuma kabisa, na usiandike kitu."

Nikamuuliza niangalie nini.

"Angalia nani hayuko. Halafu usikie ni nani anamuuliza."

Nilidhani ananitania, kwa sababu mimi nilikuwa nimetoka chuoni na maswali yangu yamepigwa chapa vizuri. Nikaenda kanisani kwao hata hivyo. Kabla ya wimbo wa pili kwisha, mama mmoja aligeuka akamnong'oneza mwenzake kwamba bibi fulani hajaonekana. Baada ya ibada, kina mama walishika njia na kibuyu cha maziwa hadi kwa huyo bibi, wakamkuta mguu umevimba kama gogo, wakampandisha pikipiki hadi zahanati. Mimi nikafuata nyuma na viatu vyangu vya ofisini vikijaa vumbi. Serikali ingekuja kumjua yule bibi akishakuwa cheti cha kifo.

Hapa Kitengela nako ni hivyo hivyo, ingawa watu wa ploti hujifanya wa mjini. Niliwahi kupanga katika ghorofa ambamo mtu wa chini aliugua, na sisi wa juu tukafikiri amesafiri. Waliogonga mlango wake ni kikundi cha maombi ya nyumbani, kwa sababu zamu ya kuwakaribisha ilikuwa yake na hakuwa amepika chai. Kwa hivyo mkipelekwa mahali pageni, msianze na kuuliza nani ni tajiri au nani ni mwanasiasa. Tafuteni mahali ambapo mtu asipoonekana anaulizwa. Kazi yenu itaanzia hapo, iwe ni kanisani, msikitini, au kwenye boma ambako wazee bado hubariki kwa maziwa.

Jambo lingine dogo ni sala. Siku moja nilikuwa na haraka, mvua inatisha, nikafungua mkutano moja kwa moja na habari ya mbegu za nyasi. Nilizungumza vizuri sana. Nilipoinua kichwa nikaona wazee wote wamesimama, kofia mkononi, wananitazama kwa huruma. Nyanya mmoja mbele akaniambia taratibu, "Mama, sisi bado hatujaanza." Ikabidi niombe mtu afungue kwa sala. Alisali kwa Kimaasai, mwingine akaongeza kwa Kikamba, wa tatu akaona Kiswahili kisiachwe, na mvua ikatukuta hapo hapo. Mzee Parmuat alicheka habari hiyo mwaka mzima. Lakini tangu siku hiyo nilichunguza, nikaona kwamba watu waliokwisha kusema Amina kwa pamoja huona haya kutukanana mara tu baadaye. Wanaweza, ila huchelewa, na katika kazi yetu kuchelewesha matusi ni nusu ya mshahara.

Wala msidhani sijaona upande wa pili. Hapa Kitengela kulikuwa na makanisa mawili yaliyotenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, na kila moja lilielekeza spika zake kwa jirani. Jumapili watoto wetu walikuwa wakisikia mahubiri mawili kwa mpigo, wasielewe hata moja. Nilikalia kesi hiyo mpaka tukapanga saa za kila moja, na mchungaji aliyekubali kwanza kupunguza sauti ndiye aliyepata waumini wengi baadaye. Dini huwavuta watu pamoja na pia huchora mstari kati ya waliomo na wasiomo. Afisa asiyejua hilo ataumia.

Sasa niwaambie juu ya Naretisho. Jina hilo nimelibandika mwenyewe, mahali penyewe pako kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, na wenyewe wakisoma watajijua. Kila nikikumbuka kazi yangu, hapo ndipo kifua hunijaa, na sitaona haya kusema hivyo.

Naretisho wanakaa wafugaji wa Kimaasai na familia za Kikamba zilizonunua ploti miaka mingi iliyopita. Wana kanisa moja la mabati na kisima kimoja cha kuchimbwa kwa mashine. Kisima kiko kwenye ardhi iliyotolewa na familia ya Mama Sein, na sola za kuvuta maji zilinunuliwa kwa michango ya watu wa ploti. Kamati ya maji walikuwa wanaichagua pale pale kanisani baada ya ibada. Nilisaidia kuisajili, kwa hivyo nilikuwa najiona kama mama yake.

Mama Sein ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mama Kioko, Mkamba kama mimi. Mama Kioko alipojifungua mtoto wa kwanza pale ugenini, Mama Sein alimletea kondoo jike. Kwa Wamaasai, watu waliopeana mnyama huacha kuitana majina na huitana kwa ile zawadi, na kondoo hufanya muitane Paker. Basi wanawake hao waliitana Paker mpaka watoto wa kijiji wakafikiri ndilo jina lao la ubatizo.

Ukaja ukame. Punda milia wakatoka mbugani na kuingia kwenye nyanya za Baba Kioko, mume wa Mama Kioko, usiku kwa usiku. Naye akafanya jambo ambalo mkulima yeyote angefanya, akazungushia ploti yake waya wa miiba mpaka kwenye alama za mpaka. Shida ni kwamba njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji ilipita ndani ya mpaka huo. Asubuhi ng'ombe wa Mama Sein walipoteremka na kiu yao, wa nyuma wakisukuma wa mbele, mtamba mmoja akaingia kwenye waya kwa kifua. Hakupona. Mchana vijana wa Mama Sein waling'oa nguzo zote, na mifugo ikapita juu ya nyanya zilizokuwa zimebakizwa na punda milia.

Nikaitwa. Nikaitisha mkutano, nikaleta chifu, nikaleta mtu wa ardhi. Baba Kioko alikuja na hati miliki, na hati ilikuwa halali. Wazee wa Kimaasai walikuja na habari ya njia ambayo babu zao walipitisha ng'ombe, nayo ilikuwa kweli. Wote walikuwa na haki, na hapo ndipo kazi yetu huwa ngumu. Mkutano wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Baba Kioko alisimama mbele ya watu akaniambia kwa Kikamba, "Wewe ni mtu wa kwetu, sema ukweli." Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Mimi ni mtu wa kisima." Alikaa chini amenuna, na watu wa kwetu wengine hawakunisalimia kwa muda. Nilienda nyumbani nikalia, kisha nikajipongeza.

Jumapili iliyofuata niliketi nyuma kama nilivyofundishwa. Waumini walikuwa wameketi pande mbili, na katikati mabenchi matupu. Halafu nikasikia lililoniogopesha zaidi. Watu wa ploti walikuwa wanapanga kuanza ibada yao kwa Baba Kioko. Na vijana wa Mama Sein walikuwa wamesema waziwazi kwamba asiyeabudu nao hatachota nao, watafunga lango la kisima. Wenye ploti nao wakaapa kuteremsha sola zao. Hebu fikirini. Upande mmoja ungebaki na shimo refu lisilotoa maji, na mwingine ungebaki na vioo vya kuota jua. Na ukame ulikuwa haujafika hata nusu.

Nikaenda Nkoroi kumwona mzee Parmuat, ambaye alikuwa amestaafu na kuhamia kwa binti yake. Nikamweleza yote.

"Mchungaji anakuja lini huko?" akauliza.

"Jumapili hii. Ni ya meza."

"Na hiyo meza hutandikwa na nani?"

"Mama Sein na Mama Kioko. Siku zote ni wao."

Mzee akapiga paja akacheka. "Na wewe unazunguka na chifu! Si ukae tu. Usiite mkutano tena hata moja."

Labda mnahitaji kuelezwa. Mchungaji wa pale huhudumia makanisa mengi, kwa hivyo meza ya Bwana huja mara chache, na watu huingoja. Siku hiyo ndiyo watoto wachanga hubatizwa, na ndiyo wazee wa mbali hujikokota kuja. Kanisa lao lina sheria inayojulikana na kila mtu: mwenye kinyongo na mwenzake haikaribii meza mpaka wapatane. Naretisho walikuwa wameizidisha kidogo. Kwao, hata wanaotandika kitambaa lazima wawe na amani kati yao, la sivyo meza haitandikwi na kanisa zima linakosa. Hakuna aliyeiandika mahali popote. Lakini ningependa kumwona mtu ambaye angethubutu kutandika kitambaa kile badala ya wale wawili.

Jumamosi nilienda kanisani nikashika ufagio kama wengine. Mama Sein alikuwa ameketi benchi la mbele, kitambaa cheupe kimepigwa pasi na kukunjwa mapajani mwake. Mama Kioko hakuwepo. Tulifagia. Tukapanguza mabenchi. Tukafagia tena sakafu iliyokuwa safi tayari, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa aletewe mjukuu wake abatizwe kesho yake alikuwa akifagia huku machozi yanamtoka, na mimi roho ilikuwa juu juu. Nilijua kwamba tukitoka pale bila kitambaa kutandikwa, Jumatatu lango la kisima litakuwa na kufuli.

Ndipo Mama Kioko akatokea mlangoni. Alisimama pale pale kizingitini, akainua mkono wa kulia, na mkononi alikuwa ameshika nyasi mbichi.

Vijana, mkiwa mmekulia mjini huenda hamjui. Kwa Wamaasai nyasi ni uhai wa ng'ombe, na mtu anayeng'oa nyasi na kuziinua mbele ya mwenziwe anaomba amani. Ni ishara ya zamani kuliko kanisa lolote katika kaunti hii. Yule Mkamba aliyeishi nao miaka yote hiyo aliijua, akaileta ndani ya nyumba ya mabati yenye msalaba, na hakuna aliyeona ajabu.

"Takwenya," akasalimu, kwa sauti ndogo.

"Iko," akaitikia Mama Sein, kwa sababu salamu haikataliwi. Lakini hakumtazama.

"Paker, mimi sikuji na maneno mengi. Hiyo waya ni ya bwana yangu, lakini ni mimi nilikuwa namshikia nguzo akigonga. Na hiyo ng'ombe yako niliiona ikizaliwa. Nimeilia kuliko nyanya zangu."

Fagio zote zilisimama. Mama Sein alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu.

"Na hii jua yote," akasema mwishowe, "nyasi ya kijani umetoa wapi?"

"Kwa kisima. Pale paipu inavuja, karibu na birika."

"Kwa hivyo ni wewe unamalizia mbuzi zangu chakula."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia akacheka, na kicheko kikatuambukiza sote, na katikati ya kicheko hicho Mama Sein alikuwa analia. Alisimama, akazipokea nyasi, akazichomeka kwenye mkanda wake wa shanga. "Vijana wangu walikanyaga shamba yako," akasema. "Watakuletea samadi, na wataileta na mgongo yao wenyewe, si na punda." Kisha akakunjua kitambaa. "Haya, Paker. Shika hiyo upande ingine, sisi tuko na kazi."

Nimefikiria sana juu ya siku hiyo, na hivi ndivyo ninavyoielewa. Sitawadanganya kwamba wale wanawake ni watakatifu kuliko nyinyi. Kila mmoja alikuwa anataka kupatana tangu mtamba yule alipozikwa, lakini hakuwa na mahali pa kuanzia bila kuonekana ameshindwa. Mkutano wangu ulimtaka kila mtu atetee upande wake, na mtu akishajitetea mbele ya chifu hawezi tena kurudi nyuma. Meza haikumuuliza yeyote nani ana haki. Iliweka siku, ikamwambia kila mmoja kwamba wengine wote wanamngoja, na ikampa mlango wa kuingilia bila aibu. Kama hiyo ndiyo maana ya gundi aliyoisema mwalimu wangu, basi alikuwa sahihi, ila angetuambia pia kwamba inahitaji mikono.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto walibatizwa wakipiga kelele. Mabenchi ya katikati yalikaliwa kwanza na kina mama, makusudi, na waume zao wakakosa pa kwenda ila kukaa karibu nao. Watu walipoanza kujongea mezani, Baba Kioko alibaki ameketi, anakagua kofia yake. Mwishowe alisimama, wa mwisho kabisa, na kijana mkubwa wa Mama Sein, ambaye naye alikuwa amejichelewesha upande wa pili, akasimama wakati huo huo. Walipiga magoti bega kwa bega kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Mimi nilikuwa nyuma na leso yangu imelowa, na niliona fahari ambayo sijaiona hata siku ya mahafali yangu.

Mkutano ambao sikuuita ulifanyika Jumatatu asubuhi, kwenye njia ya ng'ombe. Nilikuta Baba Kioko amekuja na nguzo zake na nyundo, na vijana wa Mama Sein wamekuja na samadi migongoni kama walivyoagizwa. Baba Kioko alikuwa amekubali kurudisha ua nyuma na kuacha njia. Ubishi uliobaki ni upana wa njia hiyo. Chifu alikuwa ametoa kipimo, mtu wa ardhi kingine, na mimi nilikuwa na utepe wa kupimia mfukoni, tayari kutumika.

Hakuna aliyeuhitaji. Kijana mkubwa wa Mama Sein alimleta ng'ombe wao mpana kuliko wote, akamsimamisha akielekea majini. Mama Kioko akamleta punda wake, amebeba mitungi ya maji kila upande, akamsimamisha akitoka majini. Wakawasogeza wanyama hao mpaka ubavu wa ng'ombe ukagusa mitungi. Ng'ombe akainusa mitungi, punda akasimama kwa subira yake ya siku zote. Mama Sein akatembea akawazunguka, akaangalia, akatingisha kichwa kukubali.

Baba Kioko akachimba shimo la nguzo ya kwanza upande wa ng'ombe, na shimo la pili upande wa punda.